Chai ya Wanaotetemeka

Aibu nyingine mtu huzikwa nayo, lakini hii yangu haikubali kuzikwa, kwa sababu nusu ya Gazi waliishuhudia na nusu nyingine wamekuwa wakiisimulia tangu siku ile na kuitia chumvi, basi afadhali niisimulie mwenyewe, mjue kwa nini mkinialika kutundika taa za harusi sipandi juu ya kiti hata mnipe pilau ya watu saba.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo wa uhuru, bendera bado mpya na sisi makarani wapya kuliko bendera. Nilikuwa karani wa daktari mmoja, kijana wa Kitaita aliyesomea ng'ambo, na nilivaa kaptula iliyopigwa pasi hata ikaweza kusimama yenyewe, soksi ndefu, na viatu vyeusi vilivyonibana nikawa natembea kama bata (lakini bata wa serikali). Daktari huyo alikuwa na jambo lake. Alitaka kuwajua wagonjwa wote wa kutetemeka kuanzia Gazi mpaka Vanga, ule ugonjwa unaoanza na kidole, kisha mkono, kisha mtu mzima anakuwa mzito hata kugeuka kitandani, na kila mgonjwa awe na kadi yake sandukuni: ulianza lini, mkono upi, nani mwingine katika ukoo. "Mgonjwa mmoja ni kisa," alizoea kusema, "lakini wengi wakiwekwa pamoja ndiyo elimu. Kadi hizi zitasomwa na madaktari wengine, siku moja wajue maradhi haya yanatoka wapi na dawa gani inayafaa. Kwa hivyo usiniandikie humo hata neno moja la uongo."

Asubuhi ile alinishusha Gazi kwa Landrova, yeye akaenda zake Majoreni, na kabla ya kuondoka alinipa maagizo mawili. La kwanza, niende nyumba kwa nyumba. La pili lilihusu kikombe, kwamba nimpe mtu kikombe nitazame mkono wake unafanya nini, na hapo, niseme kweli, nilikuwa nikivitazama viatu vyangu, nikaitikia "Ndiyo, Daktari" kabla hajamaliza.

Sasa hiyo nyumba kwa nyumba ilikuwa na shida. Nyumba ya tatu kutoka msikitini ilikuwa ya Bi Zubeda, mjane, mama yake Mwanakombo, na Mwanakombo ndiye mchumba wangu, posa imepokewa, harusi baada ya mfungo. Nanyi mwajua kwetu mkwe hatazamwi. Tangu nilipoposa sikuwa nimemwona Bi Zubeda hata unyayo. Nikipeleka samaki nilisimama nje nikatoa shikamoo, nayo marahaba ikanijia kutoka nyuma ya pazia, na nikiona buibui njiani nilijitupa kichakani kwa heshima (mara mbili alikuwa ni mama muuza mbaazi tu). Nitapitaje mlangoni kwake na sanduku, niulize nani humu anatetemeka?

Basi nikaona nina akili. Nikamwendea Mzee Rashidi, mpiga mbiu wa kijiji, nikamwambia awaite wanaotetemeka waje uwanjani kando ya mkahawa, na ili wasione taabu kuja nikaongeza neno dogo tu, kwamba chai itakuwepo. Neno dogo! Mzee Rashidi hakuwahi maishani mwake kutangaza jambo kama alivyoambiwa. Nilimsikia akizunguka na pembe lake: "Mbiu ya mgambo! Mficha maradhi kilio humfichua! Kila atetemekaye aje uwanjani, chai ya maziwa na mahamri, ya serikali hiyo, kula mpaka uchoke!"

Jamani, sikujua kama Gazi ina wagonjwa kiasi kile. Alikuja Omari mkata boriti, ambaye jana yake nilimwona kabeba mikoko begani akiimba, leo anatetemeka mpaka masikio. Walikuja wavuvi wameshikana mabega, wakitetemeka kwa zamu. Alikuja bibi mmoja na ngoma, ati kama ni pepo wa kupungwa, basi yeye asije mikono mitupu. Watu walitetemeka kwenye foleni, wakachoka, wakapumzika, wakakumbushana, wakaanza tena. Nami nikaandika, wallahi niliandika kadi hata kalamu ikalia, huku nikiwaza jinsi Daktari atakavyofurahi, pengine anipandishe cheo, niende kwa wakwe zangu na baiskeli.

Halafu mahamri yakapungua na mimi nikaanza kushuku. Ndipo nikakikumbuka kikombe, ila nilikikumbuka kichwa chini miguu juu: nikaamua kwamba mgonjwa wa kweli ni yule atakayemwaga chai, na ambaye mkono wake utatulia akishika kikombe, huyo mwongo. Kila niliyempa alimwaga. Omari aliimwaga yote juu ya soksi zangu, akaomba nyingine. Wote nikawapitisha.

Akaja mama mmoja, kajifunika buibui gubigubi, uso hauonekani, akakaa mkekani kando ya wenzake. Nikamwuliza jina, akanong'ona, "Binti Ali." (Pwani hii nani asiye binti Ali?) Nikampa kikombe. Mkono ukatoka ndani ya buibui, ukakipokea, ukatulia kama wa mshona kofia, hata tone halikuanguka.

Hasira zangu kwa watu wote wale zikanipanda kwa mkupuo. Viatu vinabana, soksi zimelowa, mahamri yamekwisha, na huyu hata kujisumbua kutetemeka hataki! Nikapanda juu ya kiti ili kijiji kizima kinisikie.

"Tazameni! Huyu hapa mwongo! Hana ugonjwa hata chembe, amekuja kula mahamri ya wagonjwa! Mama, huna haya? Hebu funua uso tukuone!"

Watu wakacheka. Mama yule akaweka kikombe chini polepole, akaulaza mkono mapajani, na kwa mkono wa pili akajifunua. Nilijua kabla ya kuambiwa, maana macho yalikuwa yale yale ya Mwanakombo.

"Haya, mwanangu," akasema, na sauti ilikuwa ile ile ya nyuma ya pazia. "Binti uliniomba, nikakupa. Leo umeniomba na uso. Umebakisha nini?"

"Astaghfirullahi!" Mzee Rashidi akapiga ukelele uliolishinda pembe lake. "Mkweo!"

Nikataka kushuka, viatu vikakataa, nikaporomoka na kiti na birika la chai juu yangu. Nilipoinua kichwa watu walikuwa wameduwaa, na kwa kuduwaa wote wakawa wamepona: Omari kasimama kama boriti zake, wavuvi tuli, bibi wa ngoma tuli. Katika Gazi nzima ulibaki mkono mmoja tu unaotetemeka, nao ulikuwa mapajani mwa Bi Zubeda, kidole gumba kikisugua kidole cha shahada kama mtu anayevuta tasbihi.

Hivyo ndivyo Daktari alivyotukuta aliporudi. Akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele ya mama yule.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mkono huu ulianza lini?"

"Mwaka wa pili huu. Nikishika kitu hutulia, nikikiacha huanza tena. Mikeka siisuki tena, ukindu wanipotea vidoleni. Nilikuwa nikificha. Watu wangesema ni pepo wa ukoo, na mwanangu nani angemwoa? Leo nikasema nije nimejifunika, nipate dawa kabla ya harusi. Na huyo hapo chini ya birika ndiye niliyekuwa nikimwogopa kuliko wote."

Nililia, sisemi uongo. Watu walidhani chai imeniunguza.

Daktari akamwambia si pepo, ni maradhi, na dawa ya kuyamaliza hana ila anayo ya kuyapunguza. Kisha akanigeukia mimi. "Nilikwambia, ambaye mkono wake unacheza ukiwa umepumzika, na ukishika kikombe unatulia, mwandike huyo kwanza." Akazichana kadi zangu zote mbele ya wenyewe, akachukua moja mpya, akaandika jina la Bi Zubeda kwa mkono wake mwenyewe.

Posa yangu ikabaki inaning'inia. Wazee walikaa, wengine wakataka ivunjwe, nami nilikuwa tayari kutozwa mbuzi na leso na chochote. Lakini hukumu aliitoa Bi Zubeda, kutoka nyuma ya pazia, na mbuzi hakumtaka. "Aende nyumba kwa nyumba kama alivyotumwa, Gazi mpaka Vanga. Abishe hodi, atoe salamu, akae chini, aulize kwa taratibu. Akimaliza kwa ukweli, aje aoe."

Nikaenda. Kisiwani Funzi nilivushwa kwa mtumbwi, bara nilikwenda kwa miguu, na viatu vilikufa kabla ya Majoreni nikamshukuru Mungu. Na katika niliowaandika safari ile hakuna hata mmoja ambaye angeifuata mbiu: niliwakuta vyumba vya uani, wamefichwa na watoto wao kwa mapenzi na kwa haya, wengine wamekalia mikono yao isionekane. Tangu hapo nimeapa, simlazimishi mgonjwa anithibitishie ugonjwa wake, na juu ya kiti sipandi.

Nilioa. Lile pazia lilijiondokea lenyewe kadiri Bi Zubeda alivyozidi kuwa mzito, maana alihitaji mtu wa kumwinua na Mwanakombo peke yake hakuweza. Kila alasiri chai nilimpelekea mimi, na kila alasiri mkono uliokuwa ukicheza mapajani ulinyooka, ukapokea kikombe, ukatulia, naye akanitazama usoni waziwazi, akawaambia wajukuu zake: "Mleteeni baba yenu kiti apande. Bibi yenu leo tena ni mwongo."