Laptop Iliyoharibu Dua

Nimeamua kujianika mwenyewe, maana ofisi nzima ishajua.

Kazi yangu ni ya kuzunguka mikoani, basi bosi wetu, Mama Chiku, akaniruhusu nichague laptop ya safari. Muuza duka wa Sinza alinishauri vizuri tu: "Braza, kama unasafiri sana, chukua nyepesi inayotunza chaji." Mie macho yalishaganda kwenye dude la gemu, zito kama tofali, kibodi inawakawaka kama ukumbi wa harusi. Mama Chiku nikamwambia hiyo ndiyo inahimili vumbi.

Juzi nilirudi kutoka Mtwara, njia nzima nimeichomeka kwenye soketi ya basi, napiga risasi. Maadui niliwapa majina mwenyewe ili nipate hasira ya kuwalenga. Nikaifunika bila kuizima, nikaingia nayo kwenye semina Mbezi Beach.

Nilipoifunua na kuichomeka kwenye projekta, shehe alikuwa ameshainua mikono kwa dua ya ufunguzi. Feni la laptop likanguruma kama jenereta, na gemu likaendelea pale lilipoishia. Kwa papara nikabonyezabonyeza ili niizime, kumbe ndiyo nafyatua: tatatata! Shehe akazama chini ya meza.

"Seba, nini hicho?" akauliza Mama Chiku.

"Shikamoo mama, itakuwa virusi."

Akavaa miwani, akatazama ukutani. Gemu lilikuwa limetangaza nani kamuua nani: jina langu, picha ya bunduki, na jina lake.

Mtu mmoja nyuma, macho bado kayafumba, akaitikia: "Amina."