Mbao Zilizonuka Mafuta ya Kondoo

Mwaka 2012 nilikuwa nafundisha fizikia katika shule ya upili ya wasichana nje kidogo ya mji wa Lodwar, Turkana. Jioni, jua likipunguza ukali, nilikaa kwenye kibaraza cha nyumba za walimu nikichonga vitu vidogo: vijiko, vijisanduku vya chumvi, mipini ya visu. Sikuwa fundi. Nilijifunza kwa kutazama picha kwenye mtandao na kwa kujikata vidole, na wenzangu walishazoea kuniona darasani na plasta mkononi.

Shida yangu ilikuwa mbao. Mti uliojaa Lodwar ni mathenge, na mathenge ya huko ni membamba, yamejikunja, yana miiba. Kabla hujapata kipande kilichonyooka umeshachoka. Ndipo nilipompata mtu mmoja wa Nairobi aliyekuwa akiuza vipande mtandaoni. Modemu yangu ilishika nikiiweka dirishani tu, na picha zake zilifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayevuliwa blanketi. Vipande vya ukubwa wa kiganja, vyekundu kuelekea weusi, vimerandwa pande zote. Chini aliandika: mbao ngumu ya kale, imekauka miaka mingi, haipasuki.

Niliagiza. Sanduku lilikuja kwa basi, na kweli mbao ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzito kuliko ilivyoonekana, na patasi ilipoipita ilitoa maganda membamba yasiyokatika. Nilitengeneza kijiko kikubwa, nikakipaka mafuta ya kupikia, nikakilia maharagwe karibu kila siku kwa miezi miwili. Nilikipenda kile kijiko. Nikaagiza sanduku la pili, na lilipochelewa nikamwandikia yule muuzaji mara tatu, nne, kwamba nataka mbao kabla likizo ya Desemba haijaisha.

Lilifika Januari. Lilikuwa limekaa siku mbili katika stoo ya bati ya ofisi ya basi, na karani alinikabidhi akiwa amegeuza uso pembeni. Nilidhani ana mafua. Nilipolifungua pale kibarazani ndipo nilipoelewa. Harufu ilipanda kama ya sufuria ya mchuzi wa kondoo iliyosahaulika wiki nzima: mafuta yaliyochacha, jasho la kichwa, tumbaku. Vipande vya juu vilikuwa vimerandwa vizuri. Vya chini vilirandwa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa na bonde lililobonyea, laini, linang'aa, lenye uchafu mweusi uliogandamana kwenye nyufa. Nilipoukwaruza kwa ukucha uliingia chini ya ukucha ukakaa humo. Ndani yake kulikuwa na nywele mbili fupi, nyeupe. Nzi walikuwa wameshafika.

Matroni wa bweni alikuwa akipita na ndoo. Alikuwa mama wa makamo, Mturkana wa Kaikor, mtu wa maneno machache ambaye wasichana walimwogopa kuliko mwalimu mkuu. Nilimwita.

"Mama, hebu nitazamie hiki."

Aliweka ndoo chini, akakichukua, akakigeuza, akapitisha kidole gumba kwenye lile bonde. Hakukunja pua.

"Hii ni ekicholong," alisema.

Ekicholong nilikijua. Ni kile kigoda kidogo ambacho mwanamume hutembea nacho popote. Mchana anakikalia, usiku analaza kichwa juu yake asiharibu nywele. Nilikuwa nimeviona kila siku kwa miaka mitatu. Sikuwahi kufikiri kwamba ni mbao.

"Una uhakika?"

"Miguu wamekata. Hapa ndio kichwa inalala." Alinirudishia. "Hii ni ya mtu, mwalimu. Umetoa wapi?"

"Nimenunua. Nairobi."

Alinitazama, kisha akatazama kijiko changu juu ya dirisha, kile chekundu. Alichukua ndoo yake akaenda zake.

Nilikwenda bombani nikasukutua kinywa, nikasukutua tena, nikasugua ulimi kwa mswaki mpaka ukauma. Miezi miwili nimelamba kichwa cha mzee nisiyemjua. Ladha niliyoikumbuka haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililonifanya nitapike.

Siku hiyo hiyo nilimwandikia muuzaji. Majibu yake yalikuwa ya adabu kuliko yangu. Aliandika: "Pole sana madam kwa harufu. Mali ni halali, tunanunua kwa wenyewe kwa hiari yao. Ukianika juani wiki moja harufu inaisha." Kisha akaongeza, kama mtu anayekutendea wema, kwamba fundi wake yuko Kakuma, na kwa kuwa mimi niko karibu naweza kuchukua kwake moja kwa moja, mali iwe freshi. Aliandika hivyo: freshi.

Likizo fupi ya katikati ya muhula matroni alikuwa anakwenda Kakuma kumwona dada yake. Nilimwomba tufuatane. Tulipata nafasi kwenye lori la unga, tukafika mchana tumejaa vumbi hadi kwenye kope.

Fundi alikuwa mkimbizi kutoka Sudan Kusini, mtu mrefu mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni. Karakana yake pale kambini ilikuwa ya mabati na turubai, na alitengeneza vitanda na majeneza. Alitukaribisha vizuri, akatutafutia mahali pa kukaa, akaagiza chai. Nilikuwa nimejitayarisha kumchukia, na ile chai ilinitatiza. Nilipomweleza nimekuja kuona mbao, alivuta gunia akalimwaga chini. Vigoda vilianguka kwa sauti kavu, kimoja juu ya kingine, kama ishirini hivi. Vingine bado vilikuwa na kamba ya ngozi ya kubebea. Harufu ile ile ilinijia. Kando ya ukuta kulikuwa na rundo la miguu iliyokatwa, na mwanamke wa jirani alikuwa akiichukua mmoja mmoja kuchochea jiko lake.

"Kwenu hamna hivi?" nilimwuliza.

"Iko. Baba yangu alikuwa na yake. Tulimzika nayo."

"Na hizi unakata?"

"Nakata," alisema. "Watoto wanakula." Aliokota kimoja akakipangusa kwa kiganja. "Mimi naranda mpaka harufu inaisha. Ile sanduku ya mwisho nilifanya haraka, samahani. Tajiri alisema kuna mteja wa Lodwar anasumbua sana."

Matroni alikunywa chai yake. Mimi ndiye niliyekuwa mteja wa Lodwar.

Tulikuwa bado hapo alipofika mzee mmoja, mwenye shuka begani na fimbo, akaketi mlangoni juu ya ekicholong chake akingoja tumalize. Matroni alimsalimu, "Ejok," naye akaitikia. Wakazungumza kidogo. Kisha matroni akanigeukia.

"Anauliza kama wewe ndiye unazitaka."

Niliweka kikombe changu chini.

"Nimwambie nini?"

"Mwambie sizitaki," nilisema.

Alimwambia. Mzee alisimama upesi, akakiokota kigoda chake, akakileta mbele yangu. Alikisugua kwa shuka, akakigeuza nione chini, akagonga mgongo wa kigoda kwa kifundo cha kidole ili nisikie kilivyo kizima. Alidhani nimekikataa kwa kuwa ni kibovu. Macho yake yalikuwa kwangu, kisha kwa fundi, kisha kwangu.

"Mwambie ni kizuri," nilisema. "Mwambie ni kizuri sana."

Fundi alikipokea, akampa pakiti za unga. Mzee aliziweka kwenye shuka, akafunga, akatoka mpaka kwenye kivuli cha ukuta wa jirani. Pale aliinama kidogo, mkono wake ukashuka nyuma yake kama wa mtu anayeweka kitu chini, ukakuta hakuna. Kisha akachuchumaa mchangani.

Nilimwomba fundi asikikate kile. "Sawa," alisema, kama unavyomjibu mteja.

Njiani matroni alitangulia hadi tulipokaribia nyumba ya dada yake. Kisha akasema, bila hasira, "Ungekunywa chai yako tu. Umemtia mzee hofu bure."

"Ningefanya nini, mama?"

"Sijui. Lakini ile uso yako, kama umekanyaga kinyesi. Aliiona."

Tuliporudi Lodwar nilimwuliza vipande vilivyobaki nivifanye nini. "Choma," alisema. Nilivitia katika jiko la shule pamoja na kijiko. Mafuta yalichemka yakatoa moshi mweusi, na wapishi walilalamika kwamba ugali wa jioni ulinuka. Wasichana waliula hivyo hivyo. Muuzaji aliendelea kunitumia picha kwa miezi kadhaa, na mara ya mwisho zilikuwa za vyombo vya mbao vya maziwa, vimepasuliwa katikati. Sikumjibu. Wala sikumshtaki popote, maana sikujua ningesema ameiba nini.

Kabla mwaka 2013 haujaisha nilianza tena kuchonga. Sasa natumia saipresi inayoletwa kutoka Kitale. Ni laini, hafifu, inanukia kama sabuni, na vijiko vyake havidumu. Mwenye duka ni mtu mcheshi. Sijawahi kumwuliza inakatwa wapi.