Nilikataa Ruhusa kwa Adabu

Jumanne, tarehe 14 Januari 2025. Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imepiga Jedda, vichochoro vya mtaa wetu wa Baghdadiya vimejaa maji.

Ndiyo siku niliyopewa ruhusa ya kwenda kumwona mamangu angali hai.

Nikakataa.

Msinitukane bado.

Nilikuwa namtunza nyanya mmoja Mtibeti, Mwislamu, aliyeletwa Jedda na wazazi wake akiwa mtoto. Wajukuu walimwita Momola, yaani nyanya, nami nikafuata.

Momola alinifunza adabu za kwao. Ukikaribishwa chai yao ya siagi na chumvi, kataa. Mwenyeji atakusihi. Kataa tena. Akikusihi mara ya tatu, pokea kwa mikono miwili.

"Ukidaka mara moja, Nyokabi, watu watauliza ulilelewa wapi."

Nilishika somo hilo kama ninavyoshika Zaburi.

Mama alipozidiwa kule Nyeri, Momola aliniombea ruhusa kwa mwanawe, kafili wangu, yaani mwajiri aliyenidhamini. Bosi akaja kutoka Riyadh. Akakataa chai ya mamake mara mbili, ya tatu akapokea. Kisha akanigeukia.

"Unataka kwenda kwenu?"

Moyo uliruka. Nikainamisha kichwa.

"Hapana, Baba. Kazi kwanza."

"Kweli hutaki?"

"Hapana, Baba."

Nikangoja ya tatu, Mungu wangu, nikangoja.

"Halas," akasema, akachukua funguo za gari.

Nikamkimbilia mlangoni. "Baba, nataka! Nilikuwa naonyesha heshima tu!"

"Umeshajibu. Yalla, rudi kazini."

Ijumaa mama akafa.

Momola alimpigia mwanawe, simu ikiwa kwa spika, nami nikisikia. "Hukujua msichana anafuata adabu yetu?"

"Nilijua, Mama. Ndiyo maana sikuuliza ya tatu. Angeenda, nani angekuogesha?"

Momola akakata simu. Jioni hiyo mimi ndiye niliyemwogesha.

Fridah, rafiki yangu anayefanya kazi nyumba ya pili, alikuja kunipa pole. Akashindwa kujizuia.

"Wee Nyokabi! Kwani neno 'ndiyo' lilikuwa zito mdomoni?"

Dada zangu mlio huku, adabu ya mgeni ni ya mgeni. Mimi nilikuwa mfanyakazi, nikajisahau.

Nikasimama mbele ya Fridah na Momola, nikasema kwa sauti:

"Mungu anasikia, nanyi mnasikia. Mkataba ukiisha naenda kwetu. Bosi akiniuliza kama nitarudi, nitakataa mara moja tu; hatahitaji kuuliza mara ya pili."