Gari Ambalo Shangazi Hakulisikia

Tathmini yangu ya gari lile ilitoka na kasoro moja ambayo msomaji hangeweza kuiona. Chini ya kichwa kidogo cha "Sauti" mimi sikuandika kitu. Niliiacha nafasi tupu, nikaituma hivyohivyo, na mhariri wangu, ambaye hapendi nafasi tupu, akaijaza mwenyewe kwa maneno matatu: kimya cha kupendeza. Sikumlaumu. Hakuwepo nami kisiwani Mafia.

Kazi yangu ni kupima magari na kuyaandika. Watu wakiambiwa hivyo, kisha wakaona mwanamke wa makamo aliyejitanda mtandio, hucheka kwanza, halafu huniuliza wanunue gari gani. Siwaandikii matajiri. Namwandikia nesi, mwalimu, mwenye duka la vitenge, mtu atakayenunua gari moja maishani na kuhangaika nalo mpaka life. Kwa hiyo huwa sishughuliki sana na mbio. Nauliza: gunia la nazi litaingia nyuma? Bibi mwenye magoti mabovu atapanda bila kuinuliwa? Likikwama, litasukumika?

Hilo ninalolisema lilikuwa gari dogo la umeme, limeinuka kidogo kutoka ardhini, si gari la chini la saluni na si jeep, la namna ambayo siku hizi kila mwagizaji anayo. Aliyeniazima alinipa siku kumi. Wenzangu wangelizungusha Dar es Salaam kwenye lami na kumaliza kazi. Mimi nikasema nitalivusha kwetu, nilione kwenye mchanga na chumvi, na mahali ambapo umeme hukatika bila kuaga. Mwagizaji alipenda sana wazo hilo. Sababu ya pili sikumwambia: shangazi yangu alikuwa amenipigia simu.

Shangazi huyo ndiye aliyenilea, kule Kirongwe, tangu nilipofiwa na mama nikiwa mdogo. Macho yake yameingia ukungu, huona mwanga na vivuli tu, lakini masikio yake yalikuwa ya kuogopwa. Akikaa barazani alikwambia gari linalokuja ni la nani, limebeba mtu au mkaa, na kama dereva wake ameamka vibaya. Mdogo wake naye alikuwa hivyohivyo. Walipokuwa wasichana walikuwa wakishindana, nani atatambua mashine ya mashua gani ikiwa bado mbali, na aliyeshindwa alikuna nazi.

Mdogo huyo aliolewa Juani, ng'ambo ya maji, akakaa huko akilima na kufunga mwani kwenye kamba baharini. Yeye na shangazi walikuwa hawajasemezana miaka sita. Waligombana kwa ajili ya minazi ya baba yao, minazi ambayo nusu yake hata haizai tena. Sasa yule wa Juani alikuwa anaumwa, na hospitali walikuwa wamemrudisha nyumbani. Alimtuma mwanawe aseme neno moja tu: dada aje tupeane radhi. Shangazi alilikalia neno hilo siku nzima. Siku ya pili akanipigia.

"Njoo unipeleke," aliniambia. "Sitaki kupelekwa na mtu baki. Nataka nilie njiani nikitaka."

Hapo inabidi nieleze jinsi watu wa kijijini kwetu wanavyosafiri, maana ndipo kosa lilipotoka. Hatuna kituo. Ukiwa na safari unafunga mzigo, unakaa ndani mwako na kusikiliza. Gari lako ukilisikia, unatoka. Dereva naye husimama mbele ya nyumba, injini inaunguruma, anakungoja. Hapigi honi. Kumpigia honi mtu mzima ni utovu wa adabu, sawa na kumwita kwa mluzi. Nimekua nikiona hivyo tu, wala sikujua kwamba ni desturi. Nilidhani ndivyo magari yalivyo.

Siku mbili za kwanza nilikaa Kilindoni, kwenye nyumba ya wageni, nikilichaji gari kwenye soketi ya ukutani usiku kucha. Nilipima kila kitu. Gunia la nazi liliingia, ila viti vya nyuma ilibidi vilazwe. Kwenye mchanga mlaini lilihema kidogo, likapita. Lilikuwa na kamlio fulani ka kuwatahadharisha waendao kwa miguu likienda polepole, kamlio ka mbu, na pembeni ya usukani palikuwa na kitufe cha kukazima. Nilikazima siku ile ile ya kwanza. Kalinikera, na tena nilikuwa najirekodi sauti. Kitufe hicho nimekifikiria baadaye kuliko kitu kingine chochote katika gari lile.

Alhamisi ndiyo tuliyokubaliana. Mashua ya Juani ilikuwa iondoke Utende saa nne, maji yakiwa yamejaa. Yakishakupwa, haina pa kupita. Nilimwambia shangazi nitamchukua saa mbili. Njiani kwenda Kirongwe nilipishana na pikapu ya abiria inayoshuka mjini, nyuma imejaa wanawake na mabuibui yao. Tulipungiana mikono.

Nilifika saa mbili kasoro dakika chache. Nikasimama mbele ya nyumba, pale pale magari yanaposimama siku zote. Mlango ulikuwa umefungwa, pazia halitikisiki. Nikangoja. Nilipandisha vioo, nikawasha kiyoyozi, nikatoa daftari, kwa sababu msomaji wangu huuliza: nikikaa foleni na kiyoyozi kinafanya kazi, chaji itaisha? Nilitaka nimjibu. Nilikaa robo saa nikiandika namba. Nilimpigia simu mara mbili, haikupatikana. Umeme ulikuwa umekatika kijijini tangu jana yake. Gari langu limeshiba, simu yake imekufa.

Kushuka na kubisha hodi kungenichukua hatua ishirini. Nimezihesabu baadaye. Sikushuka, kwa sababu shangazi hakuwahi kuchelewa safari. Akikwambia saa mbili, saa moja ameshavaa. Asipotoka, basi hayupo, na kama hayupo, amepanda ile pikapu kwa kihoro cha kumuwahi mdogo wake. Jambo hilo lilinijia likiwa limekamilika, nikaliamini. Nikageuza gari nikaenda zangu Utende. Njia nzima niliangalia chaji jinsi inavyoshuka taratibu, na nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi.

Utende hakuwepo, nikamngoja mpaka saa nne ikafika. Nahodha alikuwa ameshatia watu, amebakisha nafasi ya shangazi tu.

"Dada, maji yanakupwa," alisema. "Nikizidi hapa nitakwama na hawa wote."

Nilimwomba anivumilie. Alivumilia mpaka abiria wakaanza kunung'unika, kisha akawasha mashine. Nilikuwa nimesharudi kwenye gari.

Sikumbuki nilivyofika Kirongwe. Safari hii nilishuka, nikapita ubavuni mwa nyumba, nikabisha hodi uani. Alikuwa amekaa juu ya kigoda, buibui mwilini, mkoba mapajani, ameelekeza sikio barabarani.

"Karibu," alisema. "Umechelewa, mwanangu. Jua limeshapanda."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Gari limeharibika?"

Nilimuuliza saa mbili alikuwa wapi.

"Hapa hapa. Tangu alfajiri sijanyanyuka. Nakusikiliza wewe."

"Nilikuja. Nilisimama hapo mbele robo saa nzima."

Alinigeuzia uso kama mtu anayetaniwa. "Mbele wapi? Imepita pikapu. Zimepita pikipiki mbili. Amepita muuza mikate na baiskeli yake, mnyororo unalia. Gari lako halikupita."

Nilimweleza kwamba ni gari la umeme, halina injini ya kuunguruma.

"Sasa gari lisilolia," aliuliza, "mtu atalijuaje kama limefika?"

Nimepima magari miaka mingi, na swali hilo halikuwa katika daftari langu.

Tulikwenda Utende hivyohivyo, tukijidanganya. Alipanda bila kusaidiwa, nalo nililiona kama mpimaji wa magari, nikalichukia jicho langu kwa kuliona. Mapajani alishika doti ya kanga mpya. Hakuwa ameikata. Aliniambia watakata pamoja, kipande cha mdogo wake na kipande chake, kama mama yao alivyokuwa akiwafanyia wakati wa Idi. Gari lilikuwa kimya kiasi kwamba nilimsikia akimeza mate.

Tulikuta maji yamekwenda. Mashua zilizobaki zilikuwa zimelala ubavu kwenye tope. Sikuhitaji kumwambia, alishusha kioo akasikiliza, akakipandisha tena. Nikamwambia basi tupige simu Juani, yangu ina chaji, wasemezane wao kwa wao. Alikataa.

"Miaka sita nimemnyima mkono," alisema. "Leo nimtupie sauti? Radhi ni mkono, mwanangu. Kesho."

Ningeweza kumlazimisha. Ningepiga mwenyewe na kumwekea simu sikioni. Lakini tangu utotoni sijawahi kumlazimisha kitu, na siku ile, baada ya nililofanya, sikujiona nina haki ya kuanza.

Tulilala kwa jamaa zetu pale Utende. Asubuhi, tumemaliza kuswali tu, simu yangu ikaita. Alikuwa mtoto wa yule mgonjwa wa Juani. Shangazi aligeukia upande niliko, na kabla sijafungua mdomo akasema, "Innalillahi wa inna ilayhi rajiun." Alikuwa ameisikia pumzi yangu.

Tulivuka na mashua ya kwanza. Gari nililiacha ufukweni na chaji yake nusu. Katika mambo yote sikuona ubovu wake. Halikukwama wala halikuzima, lilifanya kila nililoliomba. Ningependa kulilaumu.

Juani wanawake walitupokea, wakalia nasi, kisha wakasimulia, kama watu wanavyosimulia kwenye msiba wakidhani wanakufariji. Walisema jana yake mgonjwa alikuwa na nguvu kidogo. Aliwanyamazisha wote chumbani, alitaka asikie mashua. Ilipoingia, yeye ndiye aliyeisikia wa kwanza. Akasema, huyo dada amekuja. Akataka akalishwe, akataka afungwe kilemba vizuri, na mkeka utandikwe. Wakamkalisha. Akakaa anautazama mlango mpaka alipochoka, wakamlaza tena.

Shangazi aliyasikiliza hayo yote, doti ya kanga mapajani. Nilitamani anigeukie aniseme, anitukane mbele ya watu. Hakunigeukia.

Kabla maiti haijaoshwa walituacha tuingie. Shangazi alifika kitandani kwa kupapasa, akamtafuta mdogo wake chini ya shuka mpaka akaupata mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili. Kisha alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayezungumza na mtu, "Nimekuwia radhi, mdogo wangu, duniani na akhera. Nawe niwie radhi. Minazi ni yako yote."

Mwoshaji alisogea, akidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza. Aliinama taratibu, akaweka sikio lake karibu na mdomo wa mdogo wake, lile lile sikio lililokuwa likiyajua magari yote ya Kirongwe, akatulia hivyo. Mwoshaji akanipa ishara nimwinue, wakati unakwenda, na wanaume wanangoja nje.

Sikumwinua. Niliwaambia wamwache kidogo, anasikiliza.