Laptop Iliyojaribiwa Nyuma ya Leso

"Kabla pilau ya harusi ya Ramula haijapoa," Habibah alitangaza kwenye maikrofoni, "wanawake wa Walukuba mtajiona ukutani, wakubwa kuliko waume zenu. Na mwanaume akiona hata kisigino kimoja cha bibi harusi, mimi naiacha kamera naenda kuuza dagaa."

Aliyasema hayo kwenye harusi ya mtu mwingine kabisa, mbele ya mahema matatu yaliyojaa watu, na mahema yote matatu yakapiga vigelegele. Binamu yake Jamiru, ambaye hupiga video upande wa wanaume, alikuwa amesimama karibu na spika.

"Dada, laptop yako ikifungua tangazo la sabuni tu inaomba maji ya kunywa," akamwambia. "Anza kuzoea harufu ya dagaa."

Jamiru ni mtu wa kukosea mara nyingi, tena kwa sauti kubwa. Ubaya ni kwamba siku hiyo hakukosea.

Habibah ni Mnubi wa Walukuba, kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda vya Jinja, na mtaa mzima hakuna mwanamke mwingine mwenye kamera ya maana. Kazi yake iko chumbani. Huko ndiko bibi harusi anakopakwa hina na kufukizwa udi, ndiko mitandio inakovuliwa, ndiko mama watu wazima wenye magoti mabovu wanakocheza doluka, ngoma ya Kinubi, kana kwamba magoti wameyaacha mlangoni. Mwanaume hakanyagi chumba hicho, na picha zake haoni. Kwa hiyo Habibah hawezi kumpa mtu amkatie na kuunganisha video zake, maana mafundi wa kazi hiyo pale Jinja wote wana ndevu. Anachopiga, anakikata mwenyewe.

Na alikikata kwa laptop iliyozaliwa kuandika barua. Moshi wa udi ulionekana humo kama matofali ya kijivu yanayopanda ngazi. Ukiiharakisha, iliganda na kuwaacha shangazi za watu midomo wazi kwenye kioo mpaka uizime na kuiwasha upya. Dakika tano za filamu ilizitoa kesho yake, tena kwa manung'uniko.

Harusi ilipokaribia, Ramula mwenyewe alikuja mlangoni.

"Dada Habibah, ulisema mbele ya watu."

"Nilisema."

"Mama mkwe wangu alikuwepo."

Akageuka, akaenda zake.

Basi Habibah akachukua akiba yake, na Jamiru akamsindikiza kwenye duka moja la Jinja. Muuzaji akafungua laptop ambayo vitufe vyake vilikuwa vinawaka nyekundu, bluu na kijani, utadhani ndani kuna disko. Akaonyesha video ya kasuku. Kasuku akaruka vizuri bila kukwama. Akafungua nyingine, kasuku yuleyule akaruka tena. Kila laptop dukani ilikuwa na kasuku huyo, na kila mahali aliruka bila kosa.

"Mimi sipigi harusi za kasuku," Habibah akasema. "Nataka kujaribu na kazi yangu."

"Chomeka diski, dada, tuone."

Hiyo "tuone" ilikuwa yeye, mwenzake wa kaunta, Jamiru, na mtu wa boda aliyeingia kuchaji simu. Diski ya Habibah ilikuwa na vyumba vya wanawake, basi, hakuna kingine. Akaukumbatia mkoba wake na kutoka.

"Kapige video ya kuku ujaribu nayo," Jamiru akamwambia njiani.

"Kuku wanafukizwa udi?"

Na hapo alikuwa na hoja. Kasuku kwenye mwanga mzuri hachoshi mashine. Kinachoua laptop ni moshi, giza la chumba, na wanawake thelathini wanaoruka kwa pamoja.

Shangazi yake Bushira, aliyeolewa Nakaloke karibu na Mbale, ndiye aliyempigia simu. "Mbale mjini kuna afande mmoja mstaafu anauza mashine. Yeye anakuacha ukae nayo mpaka uchoke. Njoo, twende wote."

Afande huyo aliitwa Wanyama. Jeshini alikuwa upande wa redio na mawasiliano, na Kiswahili chake alikichukua huko huko kambini, kwa hiyo hata akikukaribisha kiti unahisi umepewa amri. Duka lake lilikuwa katikati ya maduka ya jumla ya sukari na sabuni. Aliposikia wanachotaka, alikuna kidevu.

"Mnataka kujaribu laptop yangu, na mimi nisione laptop yangu."

"Laptop ona," Bushira akasema. "Usione kilicho ndani."

"Ni siri ya serikali?"

"Kubwa kuliko hiyo, afande. Ni harusi."

Wanyama alifikiri kidogo. Kisha akafunga mlango, akapanga laptop tatu mezani, akageuka nyuma kijeshi kabisa, mikono mgongoni, na kubaki uso kwa uso na kalenda ya kampuni ya mbolea. Bushira akaivua leso yake ya juu, akaitanua kwa mikono miwili kati ya mgongo wa afande na kiti cha Habibah.

Ya kwanza ilikuwa ndugu wa ile ya disko. Ilikimbia kwelikweli, ila feni yake ikaanza kulia.

"Hiyo ni kawaida yake," Wanyama akaiambia kalenda. "Harusini watadhani mmeleta kinu cha mahindi. Sasa chomoa waya."

Habibah akachomoa. Walukuba umeme una tabia ya kuondoka mara tu mtu anapoolewa, kwa hiyo jaribio hilo lilikuwa la haki. Video ikaanza kuchechemea.

"Bila waya inajipunguzia nguvu, isimalize betri," akasema afande. "Iko ya vijana wa gemu. Wao hawaachani na soketi."

Ya pili ilikuwa ya rangi ya fedha, nyembamba, kimya kama mgeni mwenye adabu. Ukichomoa waya haishtuki. Habibah alikuwa ameshaanza kuipenda. Akaweka video ya kamera mbili kwa pamoja, akaongeza wimbo, akaongeza kazi ya kurekebisha rangi, na kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka, kikazunguka, kikazunguka.

"Umenyamaza," Wanyama akasema. "Imejaa. RAM yake, nafasi ya kufanyia kazi, iko GB nane tu, na imeungwa ndani, huwezi kuiongeza."

Ya tatu ilikuwa nyeusi, nene, imechubuka pembeni, iliyotumika kwanza katika ofisi ya wahandisi huko ng'ambo. Bushira aliichungulia.

"Afande, hii si laptop. Hii ni sinia."

"Ni sinia, ndiyo. Lakini RAM iko thelathini na mbili, kadi ya picha iko yake peke yake, na kioo chake hakidanganyi rangi."

Habibah akaichagua video ya harusi moja ya zamani, ile iliyokuwa ikimshinda kila mara, akabonyeza.

Moshi ukapanda.

Hakuona matofali. Aliona moshi, uzi mmoja mmoja, unapinda, unafunguka, unapita juu ya bega la bibi harusi na kuacha ngozi iking'aa. Akaona hina mbichi ina rangi ya tope na hina kavu ina rangi ya kutu, kitu alichokijua kwa macho yake maisha yote lakini hajawahi kukiona kwenye kazi yake. Miaka yote hiyo kamera ilikuwa inaona hivi. Mashine ndiyo iliyokuwa inamficha.

Kisha akatazama nyuma ya chumba. Kwenye laptop yake ya zamani huko nyuma kulikuwa giza tupu, na siku zote alilikata. Humo gizani alikuwa amekaa mtu. Kikongwe, ngoma katikati ya magoti, jasho limesimama juu ya mdomo, anaimba na kuangalia moja kwa moja ndani ya kamera kama anayeuliza, umemaliza kuwapiga picha hao wasichana? Alikuwa bibi yake Habibah, mama yake Bushira, waliyemzika kabla ya mfungo uliopita. Hawakuwa na video yake hata moja. Ndivyo walivyodhani.

Bushira alitupa jicho mara moja tu. Leso ikaanguka.

Sauti ya bibi na ngoma yake ikajaza duka.

"Shangazi," Wanyama akauliza taratibu, "nimesikia kitu kimeanguka."

"Leso. Anayeimba ni mama, marehemu."

"Nigeuke?"

"Usigeuke."

Hakugeuka. Pazia halikuwepo, mlango umefungwa, na mtu alikuwa na kila sababu ya kuangalia kinachofanyika kwenye mali yake. Alibaki na kalenda yake. Baada ya muda akavua kofia, akaishika kifuani, kwa ajili ya mtu ambaye hakumwona.

Habibah akanyoosha mkono, akachomoa waya. Bibi akaendelea kupiga ngoma, hakukosa pigo hata moja.

"Hii," akasema.

"Betri yake ikifanya kazi nzito haimalizi saa mbili," Wanyama akaiambia kalenda. "Nakwambia mapema, usirudi kunitukana."

"Pilau inapoa kabla ya hapo, afande."

Siku ya Ramula umeme ulikatika kama ilivyo desturi yake. Habibah alikuwa amejifungia stoo na lile sinia mapajani, akikata na kuunganisha huku nje sheikh anafungisha ndoa, na laptop haikujua kama umeme umekwenda. Jenereta ilipowaka, wanawake waliziba madirisha kwa mikeka, wakakaa chini, projekta ikawashwa, na ukutani Ramula akatokea ndani ya moshi wake.

Wakainua shingo wote. Wanawake mia na zaidi wa Walukuba, macho mbele. Mama mkwe alinyanyuka, akatembea mpaka ukutani, akaupitisha mkono wake polepole kwenye moshi ule kama anayetaka kuufukizia nguo zake. Hapo ndipo vigelegele vilipotoka, na mabati yakavisikia.

Nje, Jamiru alikuwa na sahani mkononi. Akaingiza kidole kwenye pilau yake, akakitoa haraka, kimeungua, akakinyonya.

Tangu hapo wanawake wa Nakaloke na hata wa Jinja wenye kamera huenda kwa Wanyama na diski zao, kila mmoja na leso yake begani na shangazi wa kuishika. Afande ameisoma ile kalenda ya mbolea mpaka amechoka. Mwezi uliopita alifunga waya kwenye kona ya duka, akatundika pazia la kijani lenye maua, akaweka na kiti nyuma yake. Pazia alilinunua sokoni Mbale. Shilingi elfu ishirini na tano, za mfukoni mwake.