Mtu Wetu Uingereza

Siasa za Waingereza zilinifikia Kitale kupitia mpira. Wateja wa hoteli yangu, madereva na wauza mahindi kutoka upande wa Kwanza, walizoea kubishania timu za kule, wakahamia vyama vya kule bila kubadilisha sauti. Huyu anashabikia chama kilicho serikalini, yule kile kilichotolewa, na mmoja, ambaye hata paspoti hana, anashabikia kile kipya kinachotaka wageni wafungiwe mlango. Nikamuuliza kama anajua kwamba mgeni mwenyewe ni yeye. Akasema ati yeye anapenda tu vile wanaongea kwa nguvu. Nilimpunguzia maharagwe makusudi.

Mimi sikuwa na kicheko. Mdogo wangu yuko huko, anatunza wazee, na binti yake ninamlea mimi. Alipoanza kushughulikia makaratasi, ilikuwa aende na mtoto. Makaratasi yalipotoka, wakubwa wa kule walikuwa wameamua kwamba wanaokuja kuwaoshea wazazi wao wasije na watoto. Serikali ikabadilika, sheria ikabaki. Yaani njoo unisugulie mama yangu mgongo, lakini mtoto wako sitaki hata kumwona. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo natema mate.

Mama yake alimtumia mtoto jaketi zito jekundu, lenye manyoya kwenye kofia. Lilikuwa la safari. Tulilitundika nyuma ya mlango, na mtoto alikatazwa kulivaa hata Kitale iwe na baridi vipi. Kila likizo tulimpima, tukalirudisha kwenye msumari. Mikono ya jaketi ilikuwa imeanza kuwa mifupi.

Basi mwaka huu mdogo wangu akatuambia kuna uchaguzi wa madiwani, na kwamba hata yeye atapiga kura, kwa sababu Kenya iko kwenye Jumuiya ya Madola. Ni kama MCA wetu wa kaunti tu, alisema: takataka, mashimo ya barabarani, pesa za kutunza wazee. Viza si kazi yao. Lakini ukiwasikiliza wakiomba kura, hakuna anayetaja takataka. Ni wageni, wageni, wageni, vyama vyote, kila kimoja kinataka kuonekana kikali kuliko mwenzake.

Baba yetu mdogo, ambaye anakaa Kimilili, aliposikia kuna kura kwenye familia alituita nyumbani kwake. Amekuwa wakala wa wagombea maisha yake yote, na kwake kura si ya mtu, ni ya ukoo. Kuku akachinjwa, firigisi ikawekwa mbele yake, simu ikaegemezwa kwenye chupa ya chai, mdogo wangu akatuangalia kutoka humo. Mzee akauliza wagombea wameleta nini. Hawaleti kitu, mdogo wangu akasema, wanaacha karatasi mlangoni. Mzee aliwahurumia Waingereza kwa dhati.

Kisha akasikia kwamba mgombea mmoja ni Mwafrika, tena baba yake alizaliwa huku kwetu Afrika Mashariki. Akaiweka firigisi chini.

"Huyo ni mtu wetu," akasema. "Maneno yameisha."

Chama hakuuliza. Mdogo wangu alipojaribu kumweleza, alisema chama ni koti, mtu huvua akishaingia. Halafu akamgeukia mtoto, akamwambia kwamba huyo mjomba akishinda tu, safari ya kwenda kwa mama imeiva. Mtoto aliamini neno kwa neno. Kanisani alianza kumwombea yule bwana kabla ya kumwombea mama yake.

Jumapili moja mchana tulikuwa tukiongea na mama yake kwa video. Yeye alikuwa kwa bibi anayemtunza, anamnywesha chai. Mlango ukabishwa. Kumbe ni mgombea mwenyewe. Mdogo wangu alifurahi, akaigeuza simu tumwone: suti safi, ua la kitambaa lenye rangi ya chama kifuani. "Jambo," akatuambia, na kwamba baba yake bado anakula ugali. Mtoto alipunga mikono yote miwili.

Ndipo yule bibi akamuuliza kutoka kitini kwake atafanya nini na hawa wageni wote. Aliuliza hayo huku aliyemwosha asubuhi amemshikia kikombe. Bibi tuseme ni uzee. Lakini huyo mtu wetu! Alilinyoosha ua lake, akajibu kwa Kiingereza laini kwamba anamwelewa kabisa. Nchi imejaa. Hizi familia zinazoletwa ndizo zinajaza shule na hospitali. Anayetaka kazi aje peke yake, aifanye, arudi kwao. Kisha akamwomba bibi kura. Mdogo wangu hakumwomba. Kwake alikuwa mfungua mlango tu.

Nilitumaini mtoto hakushika. Lakini si anafundishwa kwa Kiingereza tangu asubuhi mpaka jioni? Alishika yote.

"Mama," akauliza, "huyo ndiye mtu wetu?"

Mama yake akasema netiweki ni mbaya, akakata.

Nilimpigia baba mdogo nikamsimulia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia bado apigiwe yeye, kwa maana zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikamwambia kikulacho ki nguoni mwako, na kwamba kura ya mdogo wangu aiondoe mdomoni mwake. Sijawahi kumjibu mzee hivyo, na sijutii. Walinichefua wote: yule bwana na ugali wa baba yake, mzee na ukoo wake, na wale mashabiki waliokuja kesho yake kuniuliza kwetu tunapigia nani. Nikawaambia hapa ni pa kula.

Kura ni wiki ijayo. Mdogo wangu anasema hajui kama atapiga yake. Kituoni atafika tu, maana yeye ndiye atakayemvalisha bibi na kumsukuma kwenye kiti cha magurudumu akapige ya kwake.

Jana asubuhi kulikuwa na mvua na baridi ile yetu ya Kitale. Nilimtuma mtoto maziwa. Akalitoa jaketi kwenye msumari, akalivaa, mikono ikamkomea katikati ya kiwiko na kiganja. Nikamwambia hilo ni la safari.

"Si naenda maziwa," akasema, akashika njia.

Lilirudi na matope mpaka kifuani. Nikaliloweka kwenye beseni pamoja na nguo zingine.