Nilimzuia dada asimwimbie mama, ili nionekane mjuzi wa muziki

Nimekosa, na sitafuti wa kunitetea. Niliuonea haya wimbo wa mama yangu, tena siku yake.

Mimi ni mwimbaji wa korali ya parokia hapa Kalembe. Jumapili baada ya misa, wachache wetu tulikuwa tunakusanyika kwa Maître, kiongozi wa korali, kusikiliza muziki wa zamani wa Wazungu. Kwake, ukipenda ngoma wewe ni mshamba. Ukipenda okestra kubwa, bado unajifunza. Mjuzi wa kweli hupenda violoni nne tu, zile fidla za Wazungu. Mimi hizo violoni nne zilinipa usingizi, lakini nilifumba macho na kutikisa kichwa kama wenzangu.

Mama akafariki. Katika ukoo wetu, siku ya kuondoa matanga, binti mkubwa huanzisha wimbo alioupenda marehemu, kwa Kihunde, na watu wote wanapokea kwa makofi. Mimi nikamwomba Maître anichagulie muziki wa heshima. Akanitumia kwenye simu.

"Hii njo ya kuaga mama," akaniambia. "Inaumizaka roho."

Dada aliposimama ili aanze, Maître na wenzetu wakiwa wameketi mbele, nikamshika mkono.

"Dada, acha kwanza. Leo tuko na batu ya maana."

Akaniangalia sana, akakaa. Nikawasha spika. Wamama wazee wakabaki mikono mapajani, hawajui wapokee wapi. Mimi nikafumba macho, nikalia.

Jumapili iliyofuata, nikiwa mlangoni kwa Maître, nikasikia wanacheka.

"Nilimupatia ya kucheza ku harusi," Maître alikuwa anawaambia. "Na yeye analia! Ule hasikiaka kitu."

Mtu niliyemwita ndugu! Alichukua matanga ya mama yangu akanipimia masikio.

Nikaenda kwa dada, nikamweleza yote, nikamwomba msamaha. Nikamsihi auimbe ule wimbo hata jikoni, sisi wawili tu. Alikuwa anamenya mihogo, na hakuacha.

"Kaka, matanga ilishaondoka," akasema. "Sasa nitamwimbia nani?"

Wewe unayesoma, kama muziki haukuingii, sema haukuingii. Unaogopa watakucheka. Mimi walinicheka vilevile, na wimbo wa mama sijausikia tena.